Wifi Yangu Hachomekei

Nitamsifia wifi yangu katika hadithi hii, wala sitaona haya. Mawifi tuna sifa mbaya, najua. Lakini mimi na huyu wangu tunakaa nyumba moja mwaka wa sita sasa, na tumenuniana mara mbili tu, zote kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo nikimsifia, mjue sijalipwa.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu ni mama na baba waliokosa shule utotoni. Wengi wao wana pikipiki, au wana mtoto anayeendesha, au huzipanda kila siku. Nimewaandikia wao, kwa maneno mepesi.

Wifi hutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya kutoka huizunguka pikipiki yake polepole. Hubonyeza tairi kwa kidole gumba. Huvuta breki. Huwasha taa, hata kama jua limeshatoka. Kisha hufuta vioo vya pembeni kwa kitambaa cha njano ambacho mtu mwingine akikigusa, patachimbika.

Nyuma ya kiti kuna sanduku la buluu. Ndani ya sanduku mna vipande vya barafu. Wifi hupita zahanati nne, na kila zahanati humpa chupa ndogo za damu za wagonjwa. Wengi wao ni watoto wachanga. Hizo chupa huzipeleka maabara ya hospitali kubwa, ng'ambo ya daraja. Maabara ikishapima, daktari anajua mtoto huyu anaumwa nini, na anajua siku hiyo hiyo.

Kazi hii wifi aliipenda kupita kiasi. Kabla ya hapo alishona nguo, akauza dukani kwa mtu, akapika kwenye mkahawa. Kote huko alikuwa akirudi nyumbani amenyong'onyea. Alipopata pikipiki na sanduku, alianza kuimba bafuni. Sauti yake si nzuri, lakini tulivumilia.

Mumewe ni kaka yangu, tumbo moja. Kaka ni dereva wa basi kubwa la abiria. Ana miaka kumi na tisa kwenye usukani na hajawahi kumkwaruza mtu. Najua hivyo kwa sababu hutuambia kila wiki.

Kaka alikuwa hazipendi pikipiki. Mke alimpenda, pikipiki hakuzipenda. Kila jioni akirudi kazini alivua viatu mlangoni na kuanza.

"Leo tena wamenichomekea pale darajani! Mmoja kushoto, mmoja kulia. Wanadhani barabara ni ya mama yao."

Kuchomekea, kwa wasiolijua neno hili, ni kujiingiza ghafla mbele ya gari la mwenzako bila kupewa nafasi. Anayechomekewa hukanyaga breki kwa nguvu, na abiria wake wote huinama mbele. Ni tabia mbaya kweli. Tatizo ni kwamba kwa kaka kila pikipiki iliyompita ilikuwa imechomekea, hata kama imepita taratibu na mbali.

Ndiyo maana siku wifi alipoanza kazi, kaka alimpa sharti moja.

"Mama watoto, ukiwa barabarani kaa kama gari. Gari likisimama, na wewe simama nyuma yake, katikati ya njia. Usipite katikati ya magari hata siku moja. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba watoto."

Na wifi akishasema amesikia, amesikia. Alikaa kama gari. Daraja letu lina njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na asubuhi magari hujaa mpaka hayasogei. Wifi alisimama kwenye foleni ile, gari mbele yake, gari nyuma yake. Mkono wa klachi ulimuuma. Moshi wa magari ulimwingia puani. Joto la injini lilimchoma miguu. Waendesha pikipiki wengine walipita pembeni yake na kumcheka. Walimpa jina: Bibi Harusi. Kwa mwendo wake ule, walisema, kilichokosekana ni maua tu.

Wifi alicheka nao. Lakini saa hazikucheka naye.

Mkuu wa maabara ni mama mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Mashine yake huanza kazi saa nne kamili asubuhi. Ikishaanza haifunguliwi. Damu inayofika baada ya hapo hungoja kesho, na mara nyingi inakuwa imeharibika. Hapo mtoto hutobolewa upya.

Mwezi ule wifi alichelewa mara mbili.

"Nakupenda, binti yangu," mkuu wa maabara alimwambia. "Lakini ukichelewa tena, njia hii nitaipa gari la hospitali."

"Gari la hospitali linafika saa sita, mama!"

"Najua. Lakini walau linafika saa sita kila siku. Nitapanga kazi zangu nikijua hivyo."

Wifi alirudi nyumbani siku hiyo bila kuimba. Akamweleza mumewe. Kaka alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Utoke mapema zaidi." Lakini zahanati hazifunguliwi kabla ya saa moja. Angetoka mapema akachukue damu ya nani?

Kisha ikaja Jumanne ile.

Wifi alikuwa juu ya daraja. Foleni ilikuwa imesimama. Mbele yake palikuwa na gari dogo jeupe. Yeye alisimama nyuma yake, katikati ya njia, kama alivyoagizwa. Nyuma yake ikaja pikapu. Dereva wa pikapu aliangusha simu yake miguuni, akainama kuiokota. Hakuinuka kwa wakati.

Pikapu iligonga pikipiki kwa nyuma. Pikipiki ikasukumwa mbele, ikabanwa kati ya bampa mbili kama nguo kwenye kibanio. Na wifi? Wifi alirushwa ubavuni. Aliangukia kwenye ile nafasi nyembamba iliyo kati ya mistari miwili ya magari. Nafasi ile ile aliyokatazwa kupita. Palikuwa hapana gari, hapana mtu. Alilala pale akitazama juu, helmeti kichwani, akishangaa kwamba bado anapumua.

Aliteguka kifundo cha mguu na kuchubuka kiwiko. Mungu mkubwa. Lakini chupa kumi na moja zilipasuka ndani ya sanduku. Nilipomkuta hospitali alikuwa analia, nami nikadhani ni mguu.

"Si mguu, wifi," aliniambia. "Wale watoto kumi na mmoja. Watatobolewa tena kwa sababu yangu."

Mkuu wa maabara hakumlaumu. Kugongwa si kosa lake. Alimpa wiki tatu apone, kisha arudi kujaribu tena. Ila neno lake lilibaki pale pale: akichelewa mara moja tu, njia inakwenda kwa gari.

Kaka naye alikuwa na neno lake. Alilisema usiku bila kupandisha sauti, na kaka asipopandisha sauti ujue ameogopa.

"Basi. Itengenezwe, iuzwe."

Wifi aliinuka taratibu. Alikunja kitambaa chake cha njano, akakitia kwenye droo. Moyo wangu uliniuma kwa kuona hivyo tu.

Jirani yetu ni fundi wa pikipiki. Anaitwa Fundi Kimya, kwa sababu pikipiki yoyote inayotoka gereji kwake haipigi kelele. Yeye mwenyewe anaongea kuanzia asubuhi hadi anapofunga mlango. Jumamosi tuliisukuma pikipiki hadi kwake, kaka na mimi. Wifi alichechemea nyuma yetu.

Fundi Kimya aliitazama pikipiki bila kuigusa.

"Shemeji, ulikuwa umesimama," alisema.

"Umejuaje?"

"Nyuma imekunjika, mbele imeminywa kidogo tu. Na pikapu ndiyo iliyokugonga, maana bampa imegonga juu, usawa wa taa. Njooni niwaonyeshe kitu."

Alitupeleka kwenye ukuta wa nyuma. Alikuwa ametundika vyuma vibovu, upande huu na upande ule. Upande mmoja palikuwa na sukani zilizopinda, vioo vilivyovunjika na taa za mbele zilizopasuka. Upande wa pili palikuwa na bati za nyuma zilizokunjamana, taa za breki na rimu zilizogeuka umbo la yai.

"Hawa wa kwanza," alisema akigusa usukani mmoja, "ni vichaa. Walipita katikati ya magari kwa kasi, kama wamefukuzwa. Mlango ukafunguka, au gari likahama njia, wakaingia. Siwatetei hata kidogo. Wananiletea kazi na bado nawagombeza."

"Nilisema mimi!" kaka alidakia. "Wanaochomekea!"

"Subiri, dereva. Hawa wa pili ni watulivu. Ni watu kama shemeji. Walisimama kwenye foleni, wamejipanga vizuri, hawana kosa. Wakagongwa nyuma. Gari likigongwa nyuma, bampa inapinda. Sasa wewe niambie, pikipiki bampa yake iko wapi?"

Kaka aliitafuta kwa macho ukutani.

"Ni mgongo wa mkeo," alisema Fundi Kimya.

Kaka aligeuka akamtazama mkewe. Fundi Kimya, ambaye hajui kuacha kimya kikae, aliendelea.

"Pikipiki ni nyembamba. Anayekuja nyuma anaangalia magari, haioni. Magari yakiwa yamesimama au yanatambaa, mahali pabaya zaidi pa mwenye pikipiki ni kati ya bampa mbili. Akisogea pale katikati ya mistari, hakuna wa kumbana kwa nyuma. Si shemeji mwenyewe aliangukia pale na akapona?"

"Sheria je?" niliuliza. Mwalimu hawezi kukosa swali la sheria.

"Swali zuri, mwalimu. Sheria si moja kila mahali. Kuna kwingine kupita katikati ya magari ni kosa, na mtu aulize kwanza kabla ya kujaribu. Lakini hapa kwetu, si mmeona kibao kipya darajani?"

"Kile cha majaribio," kaka alisema kwa dharau. "Waliokiweka hawaendeshi basi."

"Umekisoma?"

Kaka alijitia hamnazo. Nilicheka kwa ndani. Nafundisha watu wazima kusoma, na ndugu yangu anapita kibao kila siku bila kukisoma! Fundi Kimya alikijua kwa moyo. Pikipiki zinaruhusiwa kupita katikati ya mistari ya magari juu ya daraja na barabara kuu, ikiwa magari yamesimama au yanatambaa. Mwendo wa pikipiki usizidi kilomita thelathini kwa saa. Magari yakianza kukimbia, pikipiki irudi kwenye njia yake.

"Ni kuruka foleni tu," kaka alisema. "Mimi nimesubiri, yeye anakuja nyuma ananipita. Haki iko wapi?"

Fundi Kimya alifagia meza yake kwa mkono. Akachukua makopo sita ya skrubu na plagi tano za zamani. Akaanza kuvipanga kwa mstari: kopo, plagi, kopo, plagi. Kati ya kimoja na kingine aliacha nafasi ya kiganja.

"Makopo ni magari. Plagi ni pikipiki zinazokaa kama gari, kama ulivyomfundisha shemeji. Panga mwenyewe vilivyobaki."

Kaka alipanga. Meza ikaisha. Kopo la mwisho halikupata mahali.

"Hilo la mkononi ndilo basi lako," alisema Fundi Kimya. "Halijaingia hata darajani. Sasa toa plagi. Zipange pembeni ya makopo, kwenye ile nafasi isiyo na kitu. Halafu sogeza makopo."

Kaka alitoa plagi moja moja. Akasogeza makopo. Mstari ukafupika mpaka katikati ya meza, na kopo la mwisho likakaa vizuri, nafasi ikabaki. Alilisogeza mbele kidogo kwa kidole, kama mtu anayeendesha.

"Kwa hiyo wakipita pale," alisema polepole, "wananipisha mimi."

"Umelitamka mwenyewe."

"Hawachukui nafasi yangu."

"Ile si nafasi yako. Basi lako haliingii pale hata ukilipaka sabuni. Pikipiki moja haipunguzi foleni. Lakini hesabu zinazopita darajani asubuhi. Zote zikikaa kama gari, kila moja inakula nafasi ya gari zima."

Wifi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu umenyooshwa. Hapo ndipo aliposema kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Basi tuliite jina lake. Kuchomekea ni kumwibia mwenzako nafasi. Hii ni kupenya. Ni kupita pasipo pa mtu."

Fundi Kimya alipiga makofi. "Shemeji, ungekuwa fundi ningekuajiri. Ndivyo hivyo. Kupenya, tena taratibu."

Kaka aliyakusanya makopo mwenyewe. Tulipoondoka alimwambia Fundi Kimya, "Itengeneze vizuri." Ile ya kuiuza hakuitaja.

Mguu ulipopona, Fundi Kimya alimpeleka wifi kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili, kaka nami tukiwafuata. Alipanga viti na ndoo kwa mistari miwili, akamfundisha kwenda polepole bila kuyumba. Hilo si jambo dogo. Pikipiki ikienda haraka inakaa wima yenyewe, ikienda taratibu inataka ustadi. Wifi aliangusha ndoo nne mara ya kwanza. Mara ya kumi hakuangusha hata moja.

"Vidole viwili juu ya breki muda wote," Fundi Kimya alimwambia. "Tazama matairi ya mbele ya magari. Tairi likianza kugeuka, gari linataka kuhama. Tazama na vichwa vya madereva. Anayetazama simu hajakuona. Na ukikaribia njia panda, acha kupenya, maana hapo kila mtu anakata kona."

"Nipite na pembeni kabisa, karibu na watembea kwa miguu?"

"Hapana! Huko abiria wanashuka, milango inafunguka. Wala usivuke mstari kwenda upande wa magari yanayokuja. Pita katikati ya mistari miwili inayokwenda unakokwenda wewe. Basi."

Kaka alikaa kwenye jiwe, mikono kifuani, amenuna. Mara akainuka.

"Kuna kitu hamjamwambia," alisema. "Njooni."

Alitupeleka kwenye yadi ya mabasi. Akafungua basi lake na kumketisha mkewe kwenye kiti chake mwenyewe. Kiti kile hata mimi dadake sijawahi kukikalia. Akaniambia nishuke nisimame pembeni ya basi.

"Mama watoto, unamwona dada kwenye kioo?"

"Namwona."

"Dada, sogea mbele hatua mbili. Sasa?"

"Simwoni!" wifi alisema. "Wifi, umekwenda wapi?"

Nilikuwa palepale. Ningeweza kuligusa basi kwa mkono. Nilinyanyua mkono wangu na kuupunga, na wifi hakuuona.

"Hapo," kaka alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapo ndipo ninapoogopa kila siku. Mnadhani nawachukia? Nasikia pikipiki, naangalia kioo, sioni kitu. Nasema leo nitaua mtu. Gari kubwa likiwa linatembea, usilipite ubavuni. Kaa nyuma, kwenye kioo, mpaka lisimame na dereva akuonyeshe kwamba amekuona. Kama hujaona uso wake kwenye kioo, na yeye hajauona wako."

Miaka kumi na tisa, na hakuwahi kutuambia kwamba ni woga. Tulidhani ni hasira. Wifi alishuka kwenye kile kiti, akamshika mumewe mkono, wakakaa hivyo kidogo. Mimi nilijitia nasoma namba za basi.

Wifi alirudi kazini. Wiki ya kwanza alifika maabara saa tatu na nusu kila siku. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wale waliomwita Bibi Harusi walimwona akipenya taratibu, vidole kwenye breki, taa ikiwaka. Wengine wakaanza kumfuata nyuma kwa mwendo wake. Sasa alikuwa Bibi Harusi mwenye msafara.

Kisha ikaja Alhamisi ya lori. Lori la matofali lilimwaga mzigo upande wa mbele wa daraja, ikabaki njia moja tu mbele kabisa. Nyuma yake magari yalisimama mistari miwili hadi mwisho wa macho. Mimi nilikuwa ndani ya basi la kaka, nimekaa nyuma ya kiti chake, nikienda mjini kununua chaki. Saa ya basi ilionyesha saa nne kasorobo.

Nilifanya hesabu kichwani. Kama wifi bado yuko nyuma yetu, njia yake leo inakwenda kwa gari la hospitali. Nilimwona kaka akitazama saa, akitazama kioo. Na yeye alikuwa kwenye hesabu ile ile.

Basi lilikuwa linatambaa. Ghafla kaka akakaza macho kwenye kioo. Nami nikatazama. Taa ndogo, helmeti nyeupe, ukingo wa sanduku la buluu. Alikuwa nyuma yetu, hakusogea ubavuni. Alingoja, kama alivyofundishwa na mwenye basi.

"Dereva, mbane huyo!" abiria mmoja mwenye tai alipaza sauti. "Anataka kuchomekea!"

Kaka alikanyaga breki taratibu. Basi likasimama kabisa. Alinyoosha usukani, akatoa mkono dirishani na kuuvuta mbele polepole. Pita.

Wifi alikuja. Alipita kati ya basi na gari la jirani kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Niliona macho yake yakitazama tairi la mbele, kisha kioo, kisha uso wa mumewe. Aliitikia kwa kichwa mara moja. Kaka hakupumua mpaka sanduku la buluu lilipotokea mbele ya bampa. Hapo akashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu.

"Unampisha wa nini?" mwenye tai alilalamika. "Anatuchomekea!"

Kaka aligeuka.

"Kuchomekea ni kukuibia nafasi yako, ndugu yangu. Amekuibia nafasi gani? Si bado umekaa kwenye kiti kile kile?"

Basi zima lilicheka.

"Yule anapenya," kaka alisema akirudi kwenye usukani. "Amebeba damu za watoto wa watu. Na angekaa mbele yetu kama gari, wewe ungekuwa nyuma zaidi."

Hakusema ni mkewe. Lakini masikio yake yalikuwa yamesimama kwa fahari, kama ya mtu aliyetajwa redioni. Nami nilikuwa na machozi, sisemi uongo. Mwanamke yule alinusurika kubanwa kati ya bampa mbili mahali hapa hapa. Leo alipita mbele ya macho yetu, mgongo wake salama, sanduku lake salama, bila kumsumbua mtu yeyote.

Sisi tulivuka daraja saa tano. Wifi alikuwa amefika maabara saa nne kasoro dakika sita. Mkuu wa maabara alitazama saa ya ukutani, akatazama dirishani, ambako foleni ilionekana yote. Akafungua daftari lake, akafuta aliyokuwa ameandika kuhusu gari la hospitali.

"Njia ni yako, binti yangu," alisema. "Sitaizungumzia tena."

Jioni ile tulikula pamoja. Wifi alikuwa ameimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta. Alimsimulia mumewe habari ya lori, ya saa, ya mkuu wa maabara. Kaka alitafuna kimya, kana kwamba hakuwepo. Mimi nilimkanyaga mguu chini ya meza. Aliendelea kutafuna.

Alipomaliza kula alinawa mikono, akaenda kwenye droo. Alirudi na kile kitambaa cha njano na spana ndogo, akaelekea mlangoni, pikipiki ilipo.

"Unakwenda wapi na kitambaa changu?" wifi aliuliza.

"Kioo chako cha kushoto kimelegea. Kinatikisika. Nakikaza."

"Umejuaje kinatikisika?"

Kaka alisimama mlangoni, hakugeuka.

"Leo nilikiona vizuri," alisema. "Nilikuwa nimesimama."